Koti la Picha za Viza

Mama mpiga picha wa mtaani kwetu ana koti jeusi la mumewe, linaloning'inia kwenye msumari kando ya kitambaa cheupe cha kupigia picha. Anayekuja na shati jeupe kupiga picha ya viza huvishwa hilo, asije akamezwa na kitambaa. Bega la kushoto limelegea, maana mwenyewe alizoea kubebea hapo mkoba wa kamera. Basi kabla ya kubonyeza, mama husogea akalivuta juu kwa vidole viwili, taratibu, kama anamweka sawa mtu anayetoka kwenda harusini. "Usicheke. Utacheka ukifika." Picha zikisubiriwa kukauka, anamwelewesha mteja: "Viza inakufungulia mlango tu, mwanangu. Kibali cha kuishi ndicho kinachokuambia ukae mpaka lini." Ukimuuliza kibali cha mumewe aliyeko ughaibuni kinaisha lini, atasema, "Chake cha muda, wanamwongezea tu," kisha aanze kufuta lenzi ambayo haina hata vumbi.

Juzi nilipokwenda kupiga picha yangu ya viza, nilimkuta na dada mmoja aliyekuwa ameondoka na koti kwa kusahau. Viza yake imetoka, na kwa furaha amelirudisha limefuliwa, limepigwa pasi, na bega kalipeleka kwa fundi likashonwa. "Ahsante, mwanangu," mama alisema, akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akanivisha mimi. Nilikaa wima. Akachungulia kwenye kamera, akaiacha, akaja kunishika bega la kushoto. Hapakuwa na cha kuvuta. Vidole vikabaki palepale.

"Usicheke," akaniambia, wala sikuwa nacheka.