Safari ya Kumwona Resi

Wenzangu mliochunga kondoo Kibirichia enzi zetu, bila shaka mnaukumbuka ule uwanja wa Kwa Resi. Nyasi zake zilikuwa fupi na laini, na uwanja wenyewe ulikuwa na umbo la yai, mkubwa ajabu. Tulikuwa tukiamua kuuzunguka mbio, wengine wanaishia njiani wakishika mbavu. Baridi ya mlima ilituuma miguu peku, lakini nani alijali? Tulikuwa na waru, yaani viazi, za kuchoma kwenye majivu, tunazimenya huku tunapuliza vidole, kisha tunarudi kucheza kati na brikicho mpaka kondoo wanaingia shamba la mtu na matusi yanaanza.

Upande mmoja kulikuwa na ngazi za mawe ambazo hazikupanda kwenda popote. Tulizikalia tukijifanya wageni wa heshima. Nyuma yake kulikuwa na mabanda marefu ya mbao yenye vyumba vingi vidogo, na watu waliweka humo waru za mbegu.

Sasa, kwetu mahali huitwa kwa jina la mwenyewe. Kuna Kwa Kirimi, kuna Kwa Mama Nkatha, na huyu naye alikuwa Resi. Hatukuwahi kumwona, lakini tulimjua. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, tajiri mpaka alipohama akaziacha ngazi zake. Hata Mama, aliyeolewa huko akitoka Embu, aliamini hivyo hivyo. Nikichelewa kurudisha kondoo alisema Resi angekuwepo angenichapa yeye mwenyewe, ampunguzie kazi.

Babu yangu Mbaabu, baba yake baba, alikuwa akisikia hayo anacheka peke yake. Ujana wake aliumaliza katika yale mabanda akiwa saisi, yaani mtunza farasi. Alituambia kila chumba kilikuwa cha farasi mmoja, na farasi huyo alijulikana baba yake, babu yake, mpaka babu wa babu yake. Wazungu wa mashamba ya ngano waliwaleta wanyama wao kutoka Timau na Nanyuki, wake zao wakakaa kwenye zile ngazi na kofia kubwa, na wafanyakazi wakatazama kutoka nyuma ya ua. Nyasi zilikatwa, zikanyweshwa, zikapitishiwa pipa la mawe lililovutwa na ng'ombe, ili mguu wa farasi usikutane na shimo. Uhuru ulipofika wenyewe waliuza, wakaenda. Mbao nyeupe zilizozunguka uwanja zikawa kuni. Sisi tulisikiliza midomo wazi, na mimi nikaelewa kwamba farasi wote hao walikuwa mali ya Bwana Resi.

Nilipokuwa darasa la nne, macho ya Babu yalikuwa yameingia ukungu. Jioni moja aliniita jikoni kwake akaniambia polepole, "Nataka kumwona Resi tena kabla macho hayajafunga kabisa. Utanipeleka?"

Nilikosa usingizi. Mama naye alipoambiwa kwamba Babu anaenda Nairobi kumwona Resi, hakuuliza mengi. Alifurahi kwamba mzee amekumbuka rafiki wa zamani. Alinivalisha gauni la kanisani na sweta mpya, akajaza kikapu waru bora, akafunga jogoo miguu, akaniambia nimsalimie Bwana Resi kwa mikono miwili na nisiuachilie mkono wa Babu hata kidogo. Angejua tunaenda wapi, tena Jumapili, na Babu ni mzee wa kanisa, jogoo huyo angechinjwa nyumbani na safari ikaishia hapo.

Tulilala Nairobi kwa jamaa yake Babu, na kesho yake tukafika kwenye lango kubwa. Jamani, mimi niliyezoea uwanja wenye mavi ya kondoo! Nyasi zilikuwa kijani mpaka nikaogopa kuzikanyaga. Mbao nyeupe zilizunguka zikapotea mbali, zikarudi upande wa pili. Zile ngazi zetu za Kibirichia hapa zilikuwa zimekua, zikawa jukwaa lenye paa, limejaa watu. Nikaona kumbe zilikuwa za kukalia muda wote huo.

Babu alitafuta masaisi, na mmoja wao, mzee mwenye kofia ya sufu, alipopokea kile kikapu na jogoo alicheka mpaka akashika ukuta. Akatupitisha kila mahali. Tuliona mizani ambapo mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake, asije akawa mwepesi kuliko ilivyokubaliwa. Tuliona kiduara ambamo farasi hutembezwa kwanza ili watu wawatazame. Haki ya Mungu, sikuwa nimeona kitu kizuri hivyo. Ngozi iling'aa kama imepakwa mafuta, na mishipa ilicheza chini yake. Babu aliniuliza kila kitu kama mwalimu. Huyu ana rangi gani? Anatupa kichwa au ametulia? Masikio yameelekea wapi? Nami nilijibu haraka haraka, nikitaka nipate vema.

Tulipewa nafasi kwenye mbao nyeupe, karibu kabisa na uwanja. Nikamvuta Babu koti nikamuuliza Resi mwenyewe yuko wapi, maana jogoo ameshapewa mtu mwingine. Babu akaniambia, "Vua viatu. Anakuja."

Nilivua. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, ikapanda magotini, ikaingia kifuani, na kona ya uwanja ikatapika farasi. Walipita mbele yetu wote pamoja, udongo ukiruka, pumzi zao zikisikika, na mimi nikapiga kelele bila kujua ninasema nini. Nilipogeuka, Babu alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka. Akasema, "Huyo ndiye Resi." Nikaelewa kwamba Resi hakuwa mtu kamwe, ni mbio zenyewe za farasi. Nilisimama pale na viatu mkononi, nikajiona nimeona utukufu.

Tuliporudi Mama aliuliza kama Resi amepokea jogoo. Babu akajibu kwamba amepokea. Je, bado ana nguvu? Babu akasema nguvu zake ni zile zile. Mimi niliuma ulimi, na Mama akamtaja Resi kwenye maombi yake kwa miaka mingi.

Siku hizi Kwa Resi ni maploti, na zile ngazi sijui nani alizibomoa. Mimi naishi Majimbo, hapa Embu. Juzi nilipita mjini nikaona vijana wamekodolea macho skrini kwenye duka la kubeti, farasi wa kompyuta wanakimbia. Farasi wasio na mama! Nikauliza wanakula nini. Kijana mmoja akaniambia, "Mathe, hii ni gemu tu." Hakuinua hata macho. Kila mmoja alikuwa na simu yake, anatazama yake, amenyamaza.

Niliumia, na sababu ni Mama. Siku tulipomzika Babu nilimwambia Mama ukweli wote wa Resi, nikamwambia angalau mzee aliwaona farasi kabla macho hayajafunga. Mama alicheka kidogo, kisha akanitazama.

"Mtoto wangu," akasema, "babu yako alikuwa haoni hata mkono wake tangu mvua za kabla ya safari ile. Unadhani kwa nini nilikuambia usimwachilie?"

Basi kila alichokiona siku ile alikiona kwa mdomo wangu. Rangi, masikio, vichwa vinavyotupwa, vyote nilimpa mimi nikidhani nafanyishwa mtihani. Leo najiuliza kama nilimwambia vizuri, kama sikuruka kitu kwa haraka ya mtoto. Watoto wa sasa wanaona dunia nzima kabla ya chai ya asubuhi, na simjui hata mmoja aliyewahi kuombwa na mtu, "Nitazamie."