Mtamba wa Chuo Kikuu

Nilipostaafu kazi ya ukaguzi wa hesabu nilirudi Bariadi nikiwa na nia moja tu, nipumzike na nisione tena risiti ya mtu. Haikupita misimu miwili ya pamba, nikapigiwa simu na mfuko mmoja wa hisani. Mfuko huo ulikuwa ukiwalipia ada watoto wa wakulima wa Simiyu katika chuo kikuu kimoja cha serikali, mbali na hapa. Walitaka mtu anayeujua mkoa akipime chuo hicho kama wanavyopima shirika lolote wanalolichangia: fedha zinaingiaje, zinatokaje, na mwisho wa yote kumepatikana nini. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Nilikuwa nimechoka kupumzika, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kuogopwa tena.

Katika orodha ya wanafunzi waliyonitumia nilikuta jina la binti wa kaka yangu. Kaka huyo ni mtoto wa baba yangu mkubwa wa Sapiwi, kwa hiyo mimi ndiye shangazi wa binti. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea uhandisi wa maji. Ilinipasa niwaambie wenye mfuko siku hiyohiyo kwamba nina damu yangu mle ndani. Sikuwaambia. Nilijiona mtu aliyenyooka mno kiasi kwamba undugu hauwezi kunipindisha, na kiburi hicho nimekilipia.

Chuoni nilikaa wiki nzima. Mhasibu mkuu alinipokea kwa chai na vitumbua, nikamwambia chai nitakunywa kwangu. Nilipekua vitabu vyake nikitafuta shimo na sikuliona. Kila senti ya mfuko iliingia, ikaandikwa, ikaenda ilikopaswa kwenda. Wakaguzi wa serikali walikuwa wamewapa hati safi, na mimi, kwa ubishi wangu wote, ningewapa hiyohiyo. Wanafunzi wa kwetu waliitwa ofisini waongee nami, na ofisa mmoja wa chuo akakaa pembeni akichezea simu. Wote walisema mambo ni mazuri na wanashukuru. Binti yetu naye alisema hivyohivyo, macho yakiwa chini.

Siku ya kuondoka alinifuata stendi asubuhi, amenibebea chupa ya maji ya safari.

"Shangazi, jana hatukukwambia ukweli," alisema. "Hela yetu inafika, ila inakaa. Mpaka waje waigawe kwenye jina la kila mtu, mitihani imeshaanza. Kama jina lako linasoma unadaiwa, huingii ukumbini. Mimi mitihani miwili imenipita hivyo. Wengine wanaambiwa waahirishe mwaka, wanarudi nyumbani, basi, hawaonekani tena."

Nikamuuliza kwa nini wenzake hawakusema.

"Wanaogopa. Wafadhili wakisikia watakata. Mimi nimekwambia kwa sababu ni wewe."

Niliandika yote kwenye daftari palepale, mbele yake, kalamu ikienda mbio. Nilimshukuru kwa uaminifu wake. Nilimpa na nauli ya kurudi hosteli.

Baadaye nilianza kuwatafuta waliopitia mfuko huo miaka ya nyuma. Kwa siku kadhaa nilikodi pikipiki nikazunguka nayo kwenye mavumbi ya mkoa mzima. Lagangabilili, nyuma ya ofisi mpya za serikali, nilimpata kijana aliyeahirisha mwaka mara moja na hakuwahi kurudi. Alikuwa anafyatua matofali, na aliponiona na faili kwapani akadhani nimekuja kumdai. Nyalikungu nilimkuta mmoja aliyemaliza, ana duka la dawa za mifugo. Alisomea ualimu. Cheti chake amekitundika ukutani juu ya makopo ya dawa ya kupe, na wafugaji wanamwita mwalimu. Fomu ya mfuko ilikuwa na visanduku viwili tu, ameajiriwa katika fani yake au hajaajiriwa. Nikatia alama kwenye cha pili, ingawa dukani kwake kulikuwa na foleni.

Nikamalizia Sapiwi, kwa baba mkubwa. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," akaitikia huku akinitazama mikononi kama mtu anayetegemea mzigo.

"Umetoka chuoni," alisema. "Mtamba wangu umemwona?"

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa na utani hata kidogo. Miaka mingi nyuma, watu wa chuo kile walipita vijijini wakichangisha ujenzi wa hosteli. Kila kaya ilitoa ilichonacho, pamba, kuku, mahindi. Yeye alitoa mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akapewa cheti chenye muhuri. Cheti hicho alikihifadhi ndani ya sanduku la nguo, na siku hiyo alinitolea nikakisoma. Kiliandikwa shukrani kwa mchango wake, basi. Lakini yeye hakuchanga. Yeye alimwekesha.

Kwetu mtu humwekesha mwenzake ng'ombe. Anayempokea anakamua maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na uzao ni wa mwenyewe, mpaka siku watakapokaa wagawane. Ng'ombe akifa, aliyempokea analeta ngozi, ili ijulikane hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Na kwa muda wote huo nyumba hizo mbili ni ndugu. Baba mkubwa aliposikia kwamba chuo kinafundisha hata mambo ya mifugo, aliamini mtamba wake yuko kwenye zizi zuri. Na mjukuu wake alipochaguliwa kwenda chuo hichohicho, kisha akapata wa kumlipia ada, mzee hakushangaa. Aliona ni haki. Uzao umeanza kurudi nyumbani.

Ningemweleza siku ile. Badala yake nikamwambia sikupata nafasi ya kupita mazizini. Nilicheka njia nzima ya kurudi Bariadi, na kicheko hicho sasa kinanitia aibu. Maana nikiwafikiria wale wa mfuko, naona nao walikuwa wamewekesha tu. Walisema wametoa sadaka, lakini kila mwaka walitaka kuhesabiwa ndama. Tofauti ni kwamba mzee alikuwa tayari kumngoja ng'ombe azae, na ng'ombe akikonda angekwenda kuuliza anakula nini.

Ripoti niliiandika nyumbani kwangu kwa siku tatu. Upande wa fedha nilikipa chuo alama za juu, maana hesabu zilikuwa safi. Upande wa matokeo nilikibana. Nilieleza wanafunzi wanaozuiwa mlangoni mwa mitihani wakati ada zao zimelala kwenye akaunti, na maneno ya binti yetu niliyaweka karibu yote, bila jina, "mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili." Bila yeye ripoti isingekuwa na uti wa mgongo. Mwishoni nilipendekeza mfuko ukibane chuo kigawe fedha mapema, au uziweke moja kwa moja kwenye jina la kila mwanafunzi. Nilikuwa na hakika nimemsaidia. Hata alama ya matokeo niliishusha kidogo zaidi ya nilivyoamini, ili washtuke. Tena nadhani nilitaka pia kujionyesha mwenyewe kwamba simpendelei mtu wa kwetu.

Jibu la mfuko lilikuwa fupi. Walinisifu kwa uwazi wangu. Walisema kwa alama hizo fedha zao zingefanya kazi zaidi mahali pengine, kwa hiyo wanasitisha ufadhili wote katika chuo hicho kuanzia mwaka wa masomo unaofuata. Pendekezo langu hawakuligusa. Nilipiga simu, nikaandika barua, hatimaye nikakiri kwamba nina binti mle ndani. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu sasa kila nilichosema kilionekana kilio cha shangazi. Mkopo wa serikali binti hakuwa ameomba, maana alikuwa na mfadhili, na dirisha la maombi la mwaka huo lilikuwa limefungwa. Mitihani yake miwili ilikuwa bado inamdai.

Nilikwenda mwenyewe Sapiwi kuwaambia. Nilimwambia baba mkubwa kwanza, kwa sababu kumtazama binti niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wamefunga mlango," alisema. "Sawa. Ngozi iko wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia tena. Nikamwambia, baba, mtamba yule aliuzwa siku ileile, palepale uwanjani, na fedha zikaingia kwenye hosteli. Ulikuwa mchango. Mchango ukishatoka haurudi.

Alipapasa goti lake.

"Na mjukuu wangu, alisoma kwa ng'ombe wa nani?"

"Kwa hela za watu wengine, baba. Hawakujui."

Nimekagua watu wengi katika maisha yangu, wengine niliwafikisha mahakamani, lakini sijaona uso wa mtu ukianguka kama ule. Miaka yote alikuwa na ndugu mkubwa mjini, chuo kizima, na mimi nilimnyang'anya kwa sentensi mbili. Akaniambia wabeja, asante kwa Kisukuma, kwa kuja kumweleza. Akainuka, akaenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Binti nilimwona mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza na chuo kikiwa kimeshafunguliwa. Alikuwa shambani anapanda pamba na mama yake, wamevuta kamba kwenye mstari, wanachimba na kufukia. Nilikuwa na bahasha yenye malipo yangu yote ya ile kazi. Yalitosha muhula mmoja, na mingine nilipanga tutaitafuta kwa kuuza kiwanja changu. Mama yake alituacha akaenda kukoleza moto wa uji.

"Hii ni ile ya ripoti?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Hakuigusa. Alisema wenzake wa Maswa na Itilima nao wako nyumbani, na wao hawana shangazi wa kuwaletea bahasha, na ripoti ilipowafikia walijua ni nani wa mwaka wa pili aliyesema. Walikuwa na kundi lao la WhatsApp, wamemtoa. Alisema bila hasira, huku anapangusa udongo mikononi, na mimi nilitamani anitukane.

"Shangazi, nikuulize. Ningesema mambo ni mazuri kama nilivyosema ofisini, leo ningekuwa wapi?"

Hapo nilitamani kudanganya. Lakini alikuwa anajua, na alijua kwamba mimi najua.

"Ungekuwa darasani," nilimjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Akashika jembe akaendelea na mstari wake, nami nikavua viatu nikafukia mbegu nyuma yake mpaka uji ulipoiva. Bahasha nilirudi nayo Bariadi.

Baadaye aliomba mkopo na anasubiri majibu, hilo nimelisikia kwa mama yake. Nikienda Sapiwi binti ananipokea mzigo, ananiletea kiti, anapiga magoti kunisalimia vizuri kuliko watoto wangu wa kuwazaa. Namuuliza habari zake, ananiambia ni nzuri tu, shangazi.