Tundu Nililolifunga Malaba

Mimi ni mtu wa matangi. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Malaba kwa miaka mingi, na lori la mafuta likisimama mbele yangu, macho huenda chini kabla ya kwenda kwa dereva. Chini ndiko kuna vali. Ukiikuta wazi, au ukikuta lakiri, ule waya wenye namba, umekatwa, ujue kuna mtu amenyonya mafuta njiani na wewe wakala ndiye utakayejieleza. Ndiyo maana mikono yangu ilikuwa imezoea jambo moja: tundu lililo chini ya mzigo hufungwa, na waya hupitishwa juu yake. Nayasema haya mapema ili usinione mjinga kupita kiasi. Mjinga nilikuwa, ila ujinga wangu ulikuwa na historia.

Boti ilifika siku ya Alhamisi, imelala juu ya trela, ikielekea Jinja. Foleni yote ya malori iligeuza shingo. Sisi huku hupitisha mafuta, ngano, mitumba, magari kutoka Japani, hata mashine za hospitali, lakini boti mpya kabisa, tena ya kazi, hiyo ilikuwa ya kwanza kupitia mikononi mwangu. Ilikuwa ya alumini, imepakwa rangi ya machungwa juu na kuachwa na weupe wake chini, imezungushiwa mpira mweusi mnene wa kugonga gatini. Mgongoni ilibeba kreni ndogo iliyokunjwa. Turubai lililoifunika lilikuwa limechanwa na tawi la mti huko njiani, nalo lilikuwa likipigapiga kwa upepo.

Pamoja nayo alikuja nahodha wake, mzee mmoja wa Sio Port, mfupi, mwenye kofia ya sufi ambayo hakuivua hata juani. Aliipokea Mombasa, akaitilia sahihi, akapanda kwenye lori na hakuiacha tangu hapo. Usiku alilala chini ya trela. Asubuhi aliizunguka mara tatu akigusa kila mkanda, kila kufuli na kila nati, kisha akaanza tena kana kwamba mara tatu za kwanza zilikuwa za mtu mwingine. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Nilimwuliza kama anadhani Wateso tunakula boti.

Hakukasirika. Alinionyesha mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikukunjika.

"Huko Jinja tunafuga samaki kwa vizimba, dada," akasema. "Nyavu ikijaa taka, inakuwa nzito kama ng'ombe. Kwa boti ya zamani tulikuwa tunavuta na mikono, watu sita. Kamba ikiteleza, inakwenda na vidole. Mimi hivi viwili vilikufa, mwenzangu alipoteza mkono mzima." Akaipigapiga kreni. "Hii inafanya kazi ya hao sita, na hao sita wanabaki na vidole vyao."

Kisha akaniambia kwamba tajiri wake alikuwa amempa miezi mitatu ya majaribio. Vijana wenye vyeti vya chuo walikuwa wameiomba kazi ile. Yeye cheti chake kilikuwa ni miaka yake majini, na boti ikifika salama na miezi hiyo ikiisha vizuri ndipo ataandikwa. Alipoyasema hayo, alikuwa akiifuta boti kwa kiwiko cha koti. Nikamhurumia, ingawa sikumwonyesha.

Ijumaa nilipata habari kwamba kibali cha mzigo mpana cha upande wa Uganda hakitatoka kabla ya Jumatatu. Mzee alikuwa na binti anayesoma Alupe, karibu na Busia, na kutoka Alupe hadi kwake Sio Port si mbali. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsukuma aende.

"Nenda mzee, ukaone watu wako. Boti haina miguu."

Alisitasita. Alizunguka trela tena, akarudi kunitazama.

"Niangalizie, dada. Mtu asiguse kitu."

"Nani ataigusa?"

Akapanda pikipiki akaenda. Aliniachia namba yake, akaubeba ufunguo wa boti uliofungwa kwenye kiboya kidogo cha rangi ya machungwa, kama mtu aliyebeba yai.

Saa nane mchana niliambiwa ofisa wa forodha atapita kukagua mizigo inayolala. Nikatoka ofisini kwangu kwenda kutazama boti, na kama kawaida yangu macho yakaenda chini. Nyuma, karibu na tumbo la boti, kulikuwa na tundu la kuingia kidole gumba. Wazi kabisa. Pembeni yake kilining'inia kizibo cha shaba kwa kamba fupi. Damu ilinipanda. Nilijisemea kwamba mzee na kuzunguka kwake kote amesahau kitu ambacho hata utingo wa juzi hawezi kukisahau. Nikaazima spana kwa dereva, nikakaza kizibo mpaka mkono ukauma, nikapitisha lakiri ya ofisi yetu, nikaandika namba yake kwenye fomu. Ofisa alipofika akatazama, akatikisa kichwa kuridhika, akatia sahihi. Nilirudi ofisini nikijiona nimemwokoa mzee aibu.

Mvua ilinyesha Ijumaa jioni. Jumamosi ilinyesha tena, ile mvua yetu ya alasiri inayokuja kutoka upande wa Tororo na kupiga mabati mpaka watu waache kuongea. Jumapili tulitoka kanisani tukaikuta barabara imegeuka mto. Nilimfikiria mzee, nikafurahi kwamba alikuwa amelala kwake na si chini ya trela.

Jumatatu asubuhi kibali kilitoka na dereva akapeleka lori kwenye mizani. Nilimkuta mzee hapo hapo, ameshuka kwenye pikipiki, ananuka sabuni, amebeba mfuko wa samaki wakavu aliodai ni wangu. Tukiwa bado tunasalimiana, karani wa mizani akatoa kichwa dirishani.

"Madam, hii mzigo yako imenona. Imeongeza tani mbili na kitu tangu mizani ya mwisho. Mmeficha nini ndani?"

Watu wakaanza kusogea. Mtu akisikia neno kuficha hapa mpakani, huja hata kama amebeba chai. Mzee aliniwekea mfuko mkononi, akaenda hadi ubavuni mwa boti, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Haikulia. Akainama, akaenda nyuma. Nikamwona akichuchumaa mbele ya kizibo, akiusoma ule waya. Jina la ofisi yetu limechapwa kwenye kila lakiri, pamoja na namba. Aligeuza kichwa akanitazama. Akaomba koleo kwa dereva, akakata waya, akafungua kizibo.

Maji yalitoka kwa kishindo, ya kahawia, yenye majani ndani yake. Yalimlowesha kifua na mapaja, naye hakusogea. Kina mama wa mayai ya kuchemsha waliinua ndoo zao wakicheka. Utingo mmoja akaingia kunawa miguu. Yalitoka kwa muda mrefu sana, na muda huo wote mimi nilisimama na mfuko wa samaki, nikianza kuelewa polepole. Boti ikiwa majini tundu lile hufungwa. Ikiwa juu ya barabara huachwa wazi, ili mvua inayoingia itoke. Mzee hakunieleza kwa sababu kwake hilo halikuhitaji maelezo. Pampu ya kutoa maji ilikuwamo ndani, lakini betri zilikuwa zimechomolewa kwa ajili ya safari.

Mzee alipanda ndani, akafungua kifuniko cha sakafu, akakaa huko. Aliposhuka alikuwa na tope hadi viwikoni. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya na kwenye mota ya umeme inayoiendesha kreni.

Alimpigia tajiri wake mbele yetu, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu. Dereva ndiye aliyeishika.

"Boss, boti imeingia maji ya mvua. Mota ya kreni imelowa."

"Maji yalikaaje ndani? Ile tundu?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Nani aliifunga?"

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo, na ulimi, na siku nyingine zote huwa sikosi la kusema.

"Sahihi ya hiyo boti ni yangu," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nimeenda nyumbani."

"Uliiacha?"

"Niliiacha, boss."

Tajiri hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu kwamba mzee ampe dereva ufunguo, arudi kwao, kijana mwenye cheti ataipokea boti Jinja. Simu ikakatika. Mzee akanawa mikono kwa maji yale yale yaliyokuwa yakidondoka, akatoa ufunguo na kiboya chake mfukoni, akaukabidhi.

"Dada," akaniambia, "huyu dereva asifunge tena mpaka ifike."

Hilo tu. Akapanda pikipiki ya kurudi Busia akiwa amelowa, na mimi nikabaki na samaki wake.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado niliingia ofisini nikafunga mlango. Nataka niseme ukweli kuhusu dakika zile. Sikuwa nikimfikiria mzee. Nilifikiria leseni, nikafikiria mteja huyu mkubwa atakavyotuhama, nikajiambia kwamba hata hivyo mzee alikosa kuniarifu. Nilijitetea vizuri sana. Mtu akiwa amefanya uwakala kwa muda kama wangu hujua kuutetea mzigo wowote. Kisha nikaiona ile fomu ya Ijumaa juu ya meza, na mwandiko wangu, na namba ya lakiri niliyoiandika kwa majivuno, na chini yake neno nililolipigia mstari: imefungwa.

Dereva alikuwa bado kwenye mizani. Nilichukua karatasi yenye nembo ya ofisi nikaandika kwamba ni mimi niliyefunga, kwamba nahodha aliniomba mtu asiiguse, kwamba niliigusa kwa mazoea ya matangi, na kwamba nilisimama hapo simu ikipigwa nikanyamaza. Nikatia sahihi na muhuri, nikaambatisha nakala ya fomu. Nikampa dereva aifikishe Jinja, kisha nikampigia tajiri mwenyewe kabla moyo haujageuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyabo," akasema, kama wanavyomwita bibi huko ng'ambo ya mpaka, "mbona hukusema saa ile, nikiwa kwa simu?"

"Niliogopa."

"Na yeye hakuogopa?"

Nikaiweka simu mezani, juu ya ile fomu ya Ijumaa.

Mteja alituhama, kama nilivyojua atatuhama, na mwenye ofisi yetu alinipa maneno ambayo sitayaandika. Mzee alirudishwa kazini. Nilisikia kwa dereva kwamba alikaa wiki mbili akikausha nyaya moja moja kwa kitambaa, na kwamba mota haikupona, ikaletwa nyingine. Mimi hakunipigia simu, wala sikutegemea apige. Samaki wale sikuweza kuwala. Niliwapa jirani.

Miezi ilipita. Siku moja simu ikalia, nikaijua sauti kabla hajajitaja.

"Dada, wameniandika. Kuja uone boti vile inafanya kazi."

Nilipanda basi nikaenda Jinja. Mimi ni mzaliwa wa Chakol, nimekulia kwenye mihogo na mtama, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya Mto Malaba ukifurika. Ziwa lilinitia kizunguzungu nikiwa bado nchi kavu. Boti ilikuwa imepandishwa kwenye kigari chake cha magurudumu kando ya maji, inasafishwa, na mzee alikuwa anaizunguka vile vile na kofia yake ya sufi, akigusa nati moja baada ya nyingine. Vijana watatu wa vizimba walikuwa wakimngoja. Niliwatazama mikono, ilikuwa mizima.

Alinivalisha jaketi la kuelea, akanikazia mikanda yeye mwenyewe, akairudia kuikagua. Alipomaliza akanipa spana.

"Sasa ndio saa ya kufunga," akasema, akinionyesha nyuma kwa kidevu.

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitabasamu. Nilichuchumaa kwenye mchanga wenye maji, nikakikuta kile kizibo cha shaba kwenye kamba yake, nikakiingiza na kukikaza. Maisha ya watu watano yalikuwa yamekaa juu ya kile kidude, langu likiwa mojawapo. Niliinuka nikampa nafasi apite akague, maana nilimjua.

Mzee aliichukua spana, akaifuta kwa kiwiko cha koti, akaiweka mahali pake. Akawaambia vijana wasukume. Hakwenda nyuma kutazama.