Maji Yasiyopita Motoni

Mwanahawa alikuwa mama ntilie, na kama kuna mtu wa Mwembesongo aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula chake, ajitokeze aseme. Hayupo! Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilipouzwa, naye akapunguzwa kazi, yule bwana aliaga kwamba anakwenda kutafuta mtaji, na huo mtaji anautafuta mpaka leo. Mama wa watu akabeba masufuria yake na jiko la mkaa, akaketi karibu na kiwanja cha mpira. Sahani aliziosha kwa maji ya moto na sabuni, wakati wenzake wakizichovya tu kwenye beseni moja toka asubuhi hadi jioni. Wateja walimtania kwamba ana usafi wa kizungu. Alicheka nao, akaendelea kusugua. Wanawe walisomeshwa na wali maharage wa pale, na jina lake ndilo lilikuwa duka lake.

Kisha ikaja mvua ya Elinino. Vyoo vikafurika, visima vikaingia uchafu, na kipindupindu kikashuka mjini. Watu walibebwa kwa mikokoteni kupelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, na wengine hawakurudi. Serikali ikapiga marufuku kuuza chakula barabarani, na jiko la Mwanahawa likazimwa.

Lakini mpira kuzimwa, thubutu! Kulikuwa na mfanyabiashara wa mabati, mmoja wa wale walionenepa tangu biashara ilipofunguliwa milango, naye alikwisha kuchapisha jina lake kwenye jezi za timu zote. Hakuwa tayari jezi ziozee stoo. Alizunguka maofisini mpaka akapewa ruhusa ya Kombe la Mabati, kwa masharti. Masharti aliyaandaa Leonard, bwana afya wa kata, kijana mwenye nia njema na woga mwingi. Watazamaji wasibanane. Langoni kila mtu anawe kwa sabuni. Choo kimwagiwe chokaa. Asionekane muuza hata karanga. Na wachezaji wote wanywe maji ya kamati ya mashindano tu, yaliyochemshwa, kila mmoja na kikombe chake. Timu itakayokutwa na maji mengine inapoteza ushindi.

Nani achemshe? Leonard hakufikiri mara mbili, alimtaja Mwanahawa. Malipo yalikuwa ya kuganga njaa tu, ila mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Alijua marufuku itaondolewa siku moja, na mji mzima utakuwa umeona nani aliaminiwa. Alichemsha maji mpaka yakatokota, akayapoza, akayatia kwenye pipa lenye kifuniko, na hakumruhusu mtu kuchota isipokuwa yeye. Michezo ikaenda mmoja baada ya mwingine, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyeharisha. Leonard alitembea kifua mbele.

Fainali ikawakutanisha Mwembesongo na Kihonda. Sasa, anayedhani mpira wetu unachezwa kwa miguu peke yake hajawahi kukaa na kamati ya ufundi. Hiyo kamati haifundishi mtu kupiga krosi. Kazi yake ni kwenda kwa mganga. Kamati ya Mwembesongo ilikuwa chini ya Ahmadi, kaka yake Mwanahawa, tumbo moja. Mganga aliwaambia wachezaji wanywe, wakati wa mapumziko, maji yaliyochotwa pale vijito viwili vinapokutana, na yasiwe yamepita motoni, maana moto unaua nguvu yake. Pale vijito vinapokutana ni chini ya nyumba za watu, na vyoo vyote vya juu vilikuwa vimemwagikia huko. Ahmadi alilijua hilo vizuri. Akachota.

Halafu kulikuwa na mnong'ono mwingine, kwamba binti wa Mwanahawa ameolewa Kihonda, kwa hiyo pipa lake si la kuaminiwa. Ahmadi aliusikia, na hakumtetea dada yake hata kwa neno moja.

Wakati wa mapumziko timu ilijifungia kwenye darasa la shule ya jirani. Mwanahawa aliwapelekea ndoo na vikombe mpaka mlangoni, akapokelewa kwa adabu zote, akarudi zake. Mwembesongo walishinda kwa bao la Twalibu, mtoto wa Mwanaheri, jirani wa Mwanahawa ukuta kwa ukuta. Mji ukalipuka. Wakati wa kukusanya vyombo Mwanahawa aliona vikombe vimekauka, akamuuliza kaka yake kulikoni. Ahmadi, ushindi umempanda kichwani, akamweleza yote huku akicheka. Ile ndoo waliimwaga nyuma ya darasa. Mwanahawa akamwambia wamewaua watoto wa watu. Ahmadi akamjibu kwamba watoto wa watu wamechukua kombe, aache uchuro.

Hazikupita siku nyingi wachezaji wanne wakalazwa. Watatu walipona. Twalibu alikufa, na watu wa afya walimzika haraka haraka, mama yake akiangalia kwa mbali.

Kabla ya kikao cha kamati ya mashindano kuhusu kifo hicho Ahmadi alikwenda kwa dada yake. Alikuwa mdogo siku hiyo, hana majivuno tena. Alimwomba asiseme, akamkumbusha kwamba polisi watamchukua kaka yake. Alimkumbusha pia, na hili ndilo lililomkaba, kwamba yeye ndiye mjomba. Kwa Waluguru kama wao, mjomba si mtu wa kuja kula sikukuu na kuondoka. Watoto wa Mwanahawa ni wa ukoo wake, na lile shamba la mlimani, ambalo ndizi zake ndizo zilizowalisha tangu jiko lizimwe, liko chini ya kauli yake. Mwanahawa hakuahidi kitu. Alikwenda kikaoni akitumaini kaka yake ataona haya.

Leonard aliuliza mbele ya wote, "Wachezaji walikunywa maji gani?"

"Ya pipa," Ahmadi alisema. "Masharti tuliyafuata yote."

Mwanahawa alimtazama, na Ahmadi akatazama viatu vyake. Hasira zilimpanda mpaka akahisi masikio yanawaka, lakini akawafikiria wanawe na lile shamba, akanyamaza. Wachezaji nao kimya. Leonard alijua kwamba masharti yakionekana yalivunjwa mbele ya macho yake, kazi hana. Kuandika kwamba mwanamke hakuchemsha maji vizuri ilikuwa njia nyepesi, na hakuuliza zaidi. Kijana mwema yule! Usiku alilala.

Marufuku ilipoondolewa Mwanahawa aliwasha jiko, wali ukapoa sufuriani. Wateja wake wa miaka walimpita wakimwamkia shikamoo kwa heshima, wakaenda kula kwa wenzake, kwenye sahani zilizochovywa kwenye beseni.

Ikafika arobaini ya Twalibu. Mwanahawa alichukua kisu chake akaenda nyumba ya pili kusaidia kupika, kama alivyofanya kila msiba wa mtaa ule. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu uani walivuta sufuria zao karibu. Mwanaheri mwenyewe akaja, akamwondolea kisu mkononi taratibu, akamshika mkono, akamwingiza chumbani. Juu ya kabati lilikuwa limekaa Kombe la Mabati, limefunikwa kitambaa. Timu ilimpa mama wa mfungaji alitunze.

Mwanahawa hakuweza tena. "Mwanaheri, dada yangu, maji aliyokunywa mwanao hayakutoka kwangu."

"Najua," Mwanaheri alisema. "Aliniambia mwenyewe kule kambini, kabla hajakata kauli."

"Unajua? Na umewaacha watu wananinanga mtaa mzima?"

Mwanaheri alilitazama lile kombe. "Ukweli ukitoka, Kihonda watakuja kulichukua. Mwanangu sina, Mwanahawa. Nina hili. Nakuomba unibebee."

Mwanahawa alitaka kupiga kelele, mtaa wote usikie. Uani Ahmadi alikuwa akipokewa na wanaume, wakimpa pole kama mzee wa timu. Mwisho akatoka, akaenda kukaa kwenye mkeka wa wageni, mbali na moto. Akaletewa sahani ya pilau iliyopikwa na wengine. Akala yote, maana wanawake walikuwa wakimtazama waone kama atakula au atasusa.