Lundo la Mwisho Nyuma ya Banda

Alipoolewa, binti wa fundi cherehani hakujua ng'ombe hata wa kuchora. Alikulia katika chumba kilichonukia vitambaa vipya, na asubuhi ya kwanza ukweni, alipopelekwa bandani, alijiziba pua kwa ncha ya kanga. Wifi yake akaangua kicheko.

"Zoea, wifi yangu. Hayo ndiyo manukato ya nyumba hii."

Alizoea. Mumewe alikuwa muuza maziwa. Alfajiri alishaondoka na baiskeli, madumu yakigongana, naye akabaki na koleo na toroli. Msimu wa kupanda ulipofika, alitaka kumfurahisha. Akazoa samadi mbichi, ingali inafuka mvuke, akaijaza kila shimo kabla ya kudondosha mbegu. Mahindi yakachomoza, yakapauka, yakanyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Alikaa juu ya tuta akalia kwa kwikwi.

Mume akamkuta hapo. Hakufoka. Aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi uliobabuka.

"Mke wangu, umeyapakulia chakula kingali jikoni."

Akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Wakapanda upya.

Tangu hapo samadi ilirundikwa nyuma ya banda, kivulini, tabaka la kinyesi na tabaka la majani makavu, ikafunikwa ili mvua isije ikaiosha nguvu. Waliigeuza pamoja. Mke alichomeka kijiti katikati, akakichomoa na kukishika: kikiwa cha moto, bado; kikitoka baridi, na harufu ni ya udongo tu, imeiva. Pale ndipo walipopangia kila kitu: mtoto aitwe nani, paa libadilishwe lini, shemeji yupi aachwe anune mpaka achoke. Asubuhi za baridi walinyoosha viganja juu ya lundo, wakaota moto usio na moshi. Watu wakambandika jina la Mama Samadi, naye akaitika bila kinyongo.

Mumewe alipofariki aliendelea peke yake, mpaka kiuno kikagoma. Mwanawe, dereva wa lori, akaja kumbembeleza.

"Mama, ng'ombe waende. Upumzike."

"Nipumzike nifanye nini?"

Lakini alijua kijana anasema kweli. Jirani wa ng'ambo ya barabara akawachukua. Mama Samadi aliwafunga kamba mwenyewe, akageuza uso kabla hawajapita lango.

Likabaki lundo la mwisho. Wifi yake, sasa bibi kizee asiye na meno ya mbele, akaja na jembe. Walisomba kwa ndoo, kidogo kidogo, wakamwaga shambani na kufukia hapo hapo jua lisije likaila. Katikati ya kazi Mama Samadi akasimama, kiganja kimejaa samadi nyeusi.

"Ndugu yako angekuwepo, angesema tumerundika mno upande huu."

"Angesema," wifi akajibu, "halafu angepanda baiskeli atuachie kazi."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wifi akamshika mkono wenye samadi, akamvuta wainuke.

Mahindi ya mwaka ule yalistawi, majani yamekoza kijani hadi kukaribia weusi. Mwanawe alipokuja kuvuna, hakumkuta nyumbani. Alimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye banda la jirani, anabishana na mke wa jirani.

"Hapo juani samadi itakauka bure, mwanangu. Isogeze huku."

"Huku ni mlangoni kwangu, mama!"

Dereva akaegemea uzio, akasubiri wamalize. Hawakuelekea kumaliza upesi.