Ng'ombe Aliyebaki Kitahana

Hadi leo nikifungua boksi la viatu vipya na ile harufu ya ngozi na gundi ikanipanda puani, mate hunijaa mdomoni, kwa sababu akili yangu husubiri harufu ya pili ifuate: harufu ya maharage yanayochemka ndani ya mawese. Harufu hizo mbili zilikaa pamoja mezani kwetu, mjini Kasulu, msimu mzima wa masika katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tukila chakula cha jioni tumevaa viatu. Nje mvua ilinyesha juu ya bati, matope mekundu yalifika hadi kizingitini, na sisi ndani tumekaa wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha, viatu vyetu vipya vikiwa havijawahi kuonja udongo.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari. Miaka ile Botswana ilikuwa ikitafuta walimu kutoka nchi nyingine, na rafiki yake mmoja aliyetangulia huko alimshawishi aombe. Akaomba, akapata. Mkataba ulimruhusu kwenda na mkewe na watoto wake, yaani mama, kaka yangu Elia aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, na mimi. Bibi hakuwemo. Bibi Salome, mama yake baba, alikuwa akiishi nasi tangu kabla sijazaliwa, lakini kwa hesabu ya mwajiri yeye hakuwa mke wala mtoto. Hakuna aliyelitamka jambo hilo kwa sauti. Tulijua tu kwamba shule zikifungwa katikati ya mwaka sisi tutaondoka, naye atarudi Kitahana, upande wa Kibondo, kwenye shamba lake na ng'ombe wake wawili waliokuwa wakitunzwa na mdogo wake baba.

Lazima nieleze bibi alikuwa nani kwangu. Nilipewa jina lake, kwa hiyo baba aliniita "mama" na bibi aliniita "wajina". Nililala kitanda kimoja naye. Usiku wa milima yetu una baridi, naye alidai kwamba mgongo wake haupati joto ila nikiuegemea. Alinuka moshi na samli. Alfajiri, kabla hajasema neno na mtu mwingine, alipiga makofi mawili ya taratibu, akainama kidogo na kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, wajina," kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mtoto aliyezoea kusalimiwa hivyo kila siku hawezi kuelewa ni kwa nini akakae mahali ambapo hakuna wa kumsalimia hivyo.

Baba aliamini kwamba kila kitu duniani hujulikana kwa mazoezi, na kwa kuwa alitupenda, hakutaka tukaaibike ugenini. Akaanzisha mazoezi ya kuishi nje. Jua likizama tulivaa viatu hadi wakati wa kulala. Chakula tulikila kwa uma na kisu. Na mezani tulizungumza Kiingereza peke yake. Nakuomba msomaji ujaribu siku moja kula ugali wa muhogo kwa uma. Ugali ule huvutika, hung'ang'ania meno ya uma, na ukiutikisa huruka pasipotarajiwa. Mgebuka wa kukaanga ukimchoma kisu huteleza kama bado yuko ziwani. Mama alivumilia kwa ustadi wake: baba akiinamia sahani, vidole vyake vilifanya kazi upesi, na baba akiinua kichwa alikuta uma mkononi na kinywa kimejaa.

Kiingereza ndicho kilichotumaliza. Baba alikijua vizuri, lakini hakuwa na wa kuzungumza naye. Mama alijua kukubali na kukataa. Elia alijua kuomba chumvi, basi aliomba chumvi kila jioni, hata mchuzi ukiwa umekolea. Mimi nilijua kueleza kwamba paka amekaa juu ya mkeka, jambo ambalo halikuwa kweli. Kwa hiyo tulikula kimya. Nyumba iliyokuwa na kelele za kugombea ukoko na za kutaniana ikabaki na sauti ya uma na mvua tu. Bibi, ambaye alikula jikoni kwenye mkeka wake kwa kuwa mazoezi hayakumhusu, alipita mlangoni jioni moja akatutazama.

"Humu mmefiwa na nani?" aliuliza.

"Hatujafiwa, mama," baba alijibu. "Tunajifunza."

"Hata kunyamaza mnafundishwa? Mimi nilidhani kunakuja kwenyewe, mtu akizeeka."

Mama alicheka hadi akapaliwa, na baba akasahau kumkemea kwa Kiingereza.

Balaa lilianza siku baba alipotania. Kipande cha ugali kilikuwa kimeniponyoka kikaangukia kiatu cha Elia, na baba akasema, akitabasamu, "Mama, usipoweza huo uma tutakuacha hapa na bibi yako ukachunge ng'ombe." Alikuwa akinichochea nifanye bidii. Hakujua kwamba ameniambia njia ya kubaki. Usiku ule, nimeegemea mgongo wa bibi, nilipanga mambo yangu. Kuanzia kesho yake uma ulinishinda kabisa. Nilidondosha kisu. Nilivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Niliambiwa niseme lolote kwa Kiingereza nikasema sijui, na hata yule paka nikamsahau.

"Huyu atabaki," Elia alinong'ona tukiosha vyombo. "Utanuka mavi ya ng'ombe, mimi niko angani."

"Kaa huko huko angani. Ukatapike."

"Nitatapika nikiwa juu. Yatakuangukia wewe."

Nilifurahi moyoni. Aliposema hivyo nilijua mpango wangu unaendelea vizuri.

Ilikuwa miaka ambayo barabara zetu zilijaa magari meupe yenye bendera, na watu kutoka Burundi waliovuka upande wa Manyovu wakipita na mikeka kichwani, sufuria mkononi, watoto mgongoni. Siku moja sokoni nilimwona msichana wa rika langu amebeba mtoto na mfuko wa nguo, akitazama mafungu ya dagaa bila kununua. Maneno yake nilikuwa nayaelewa, kwa sababu lugha yao na Kiha chetu ni ndugu. Alimwuliza mama yake watarudi nyumbani lini, na mama yake hakujibu. Niliporudi nyumbani na kuyaona masanduku yetu yamepangwa ukutani, nilimwuliza bibi, "Na sisi ni wakimbizi?" Bibi alikuwa anapepeta maharage. Alisimamisha ungo akanitazama. Hakunijibu siku ile. Lakini nadhani hapo ndipo alipoanza kufuatilia mwenendo wa uma wangu.

Siku chache baadaye, tukiwa mezani, tuliona bibi anaingia. Alikuwa amevaa viatu vya mama vya kwendea kanisani, vyenye kisigino, na alitembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Akavuta kiti, akakaa, akatusalimia kwa neno pekee la Kiingereza alilolijua, ambalo ni salamu ya asubuhi, na wakati ule kiza kilikuwa kimeshaingia. Hakuna aliyeweza kujizuia. Baba alicheka akaegemeza kichwa ukutani. Bibi hakucheka. Akaomba sahani, akashika uma jinsi mtu anavyoshika jembe, na kwa subira ya ajabu akala ugali wake wote, tonge kwa tonge, akiukusanya uliovutika, akiurudisha ulioanguka. Alipomaliza akauweka uma chini, akanigeukia mimi peke yangu.

"Wajina. Mimi mwenye meno manne nimeweza. Wewe una mangapi?"

Nikajua kwamba amejua. Nililia. Nilisema kwa sauti, kwa Kiha, kwamba sitaki kwenda mahali ambapo bibi hayupo, na kwamba kama ni kufeli nitafeli mpaka ndege iondoke. Mama alinivuta kifuani. Baba alivua miwani akaifuta na ncha ya shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Jioni ile Kiingereza kiliisha mezani kwetu. Hakikufutwa kwa tangazo. Baba alisema tu, "Elia, mpe bibi maji," na hakuna aliyerudi nyuma tena.

Jumamosi iliyofuata baba, bibi na mimi tulipanda basi la kwenda Kibondo. Msitu ulikuwa umekoza kijani pande zote, mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, na kila basi liliposimama harufu ya udongo uliolowa iliingia madirishani. Kitahana tulimkuta baba mdogo Zakaria ametuchemshia maziwa. Bibi hakunywa hata funda. Alinishika mkono moja kwa moja hadi zizini, akanionyesha mtamba mwekundu mwenye doa jeupe puani.

"Huyu anaitwa Gaju. Kuanzia leo ni wako."

Kisha akawaita majirani. Baba mdogo akaleta mtungi wa pombe ya ndizi kwa ajili ya wakubwa, na mbele yao wote mimi, mtoto wa miaka tisa, nikafanya jambo ambalo kwetu hufanywa na watu wazima: niliragiza ng'ombe. Kuragiza ni kumkabidhi mtu ng'ombe wako amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa na hutumia samadi shambani. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ingawa mwenye heshima humpa mtunzaji mmoja wao. Ng'ombe akifa, ngozi yake huhifadhiwa hadi mwenyewe aione, ili asije akadhani ameliwa. Na mwenye ng'ombe ana wajibu wake mmoja mkubwa, nao ni kuja kumtazama. Asiyekuja huhesabiwa kuwa amemtupa ng'ombe na aliyemtunzia pia. Bibi alinifundisha maneno, nami nikayasema: "Bibi, nakuachia Gaju. Nitunzie mpaka nije." Akapiga makofi mawili, akainama, akapokea.

"Mama, kwa nini umpe mtoto mdogo hivi?" baba aliuliza. "Ungenipa mimi."

"Wewe utarudi kwa sababu una akili," bibi alimjibu. "Huyu nataka arudi kwa sababu ana ng'ombe." Majirani wakacheka, na baba naye akacheka, ingawa alitazama pembeni.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kutoka zizini, bibi akajibu swali langu la siku nyingi. Alisema wale tuliowaona barabarani walitoka bila kupata nafasi ya kumkabidhi mtu chochote, na ndiyo maana mama wa yule msichana hakuwa na la kujibu. Tuwaombee, na tukiwa na kibaba cha unga tugawane nao. "Lakini aliyeacha ng'ombe kwa mtu hajahama, wajina. Ametembea tu."

Katika wiki zilizobaki, uma niliujua kwa siku mbili tu.

Tulipofika Botswana, jirani wa kwanza aliyetualika chakula alituwekea uji mzito wa mtama na nyama ya kupondwa, akanawa mikono, akaanza kula kwa vidole. Mama alimtazama baba. Baba aliutazama uma wake kama mtu aliyenunua mwavuli kiangazi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi niliona zaidi: nchi ile ni ya ng'ombe, na wenyeji wana desturi inayofanana kabisa na yetu, huiita mafisa. Watoto shuleni walinicheka lafudhi mpaka niliposema kwamba nina ng'ombe wangu, nimemwacha kwa bibi. Waliniuliza rangi yake. Hapo nikawa mtu. Mkataba wa kwanza ulipoisha tukaja likizo, na bibi hakutupokea kituo cha basi. Alitusubiri zizini, amesimama kando ya Gaju na ndama wake, kwa sababu alikuwa na mali ya watu ya kukabidhi. Tuliendelea kwenda na kurudi miaka kadhaa, na kila likizo alinionyesha kila mkia. Alipofariki tulikuwa tumeshahamia nyumbani, na usiku wake wa mwisho mimi ndiye niliyemwegemea mgongoni.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Kasulu. Elia, bingwa wa uma, ndiye aliyerudi ugenini. Anafanya kazi nchi ya mbali, akiishi huko pamoja na mkewe na binti yao, na hawakufanya mazoezi yoyote kabla ya kuondoka. Kuondoka kumekuwa rahisi siku hizi. Simu imefupisha njia, tunaonana usoni kila Jumapili, na sitasema uongo kwamba zamani ilikuwa bora. Ningetoa chochote kumwona bibi kwenye kioo cha simu walau mara moja, wakati ule nikimlilia gizani kule Botswana. Ila wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na simu haijaishinda methali hiyo. Bibi ndiye aliyeishinda, kwa mtamba mmoja.

Likizo iliyopita Elia alinivuta pembeni, akiwa na aibu ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Dada, binti yangu hana ng'ombe," alisema. Tukaenda naye Kitahana. Nikampa binti huyo mtamba mwekundu wa ukoo wa Gaju, naye akanikabidhi mbele ya majirani kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nami nikapiga makofi mawili nikainama. Tangu arudi kwao ananisumbua: "Shangazi, nitumie picha yake." Simu yangu inapiga picha nzuri sana. Sijatuma hata moja. Namjibu kila mara kwamba ng'ombe wako hajambo, ameshiba, ana doa lake jeupe puani, na anauliza utakuja lini.