Mkono wa Mgombea

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mgombea. "Cucu, huyu amekwisha." Nikamuuliza amefanya nini. "Si amemsalimia huyo jambazi!"

Harufu ya maganda ya kahawa ikanirudia puani.

Yalinuka hivyo alasiri ile mgombea mmoja alipofika kambini kwetu, kwenye shamba la kahawa la Ruiru, kuomba kura. Watu wazima wote waliweka mikono nyuma. Baba, aliyezoea kusalimia hata wapita njia, alishika jembe kwa mikono miwili. Homgadi, mlinzi wa serikali ya mkoloni, alisimama na bunduki yake, akitukagua mmoja mmoja. Mimi nikajua tu: mgeni ana ukoma. Lakini alikuwa ameshaninyoshea mkono, nikaupokea. Ulikuwa mkavu, wenye joto.

Mama alinivuta hadi kwenye karai. "Nawa!" Nikajisugua kwa majivu, mgeni akinitazama.

Sikujua kwamba ndugu yake alikuwa kizuizini kwa kula kiapo cha kumpinga mkoloni, wala kwamba baba angeweza kumfuata huko kwa salamu tu.

"Nawa vizuri, msichana," mgombea aliniambia kwa sauti kubwa, ili homgadi asikie.